Kiti mwendo chepesi cha umeme kwenye bustani ya burudani: mwongozo kamili wa siku nzima

Malalamiko yanayonifikia kila baada ya msimu wa likizo yanafanana kiasi kwamba ningeweza kuyaandika kabla hayajatumwa. Kiti kilizimika saa tisa alasiri, mbali kabisa na lango. Kiti kilibinukia nyuma kwenye mteremko. Familia ilikaa foleni dakika arobaini, na ilipofika mbele mhudumu akasema kiti hakiruhusiwi kupanda, wala hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa jibu hilo.

Wengi huilaumu betri au muuzaji. Mimi naona kosa liko kwingine. Kiti kinachokunjwa kimekuwa chepesi kwa sababu mtengenezaji amepunguza mambo matatu: ujazo wa betri, ukubwa wa magurudumu, na uzito wa fremu ambao kwa kawaida hukifanya kiti kitulie chini. Wepesi unaoufurahia unapokiinua kukiingiza kwenye buti ya gari unaulipia ukishaingia bustanini. Anayepanga siku yake kwa kuyakumbuka mambo hayo matatu hurudi salama. Anayekichukulia kiti hiki kuwa sawa na kile kikubwa cha kilo mia moja na zaidi ndiye anayeniandikia barua.

## Vitu vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Kiti chenyewe pamoja na kitabu chake cha maelekezo, au picha za kurasa zake kwenye simu. Utahitaji kurasa zinazotaja uzito wa juu wa mtumiaji, mwinuko wa juu unaoruhusiwa, na namna ya kuweka gia huru, yaani kutenganisha mota na magurudumu ili kiti kisukumwe kwa mkono.
- Betri ya pili, ikiwa kiti chako kinaruhusu betri kuchomolewa, na chaja iliyokuja na kiti.
- Mto wa kukalia wa kupunguza mgandamizo, hata kama kiti kilikuja na mto mwembamba wa kwake.
- Mkanda wa kiunoni.
- Mfuko wa kufunga chini ya kiti. Usichukue wa kuning'iniza nyuma. Sababu utaiona katika hatua ya 5.
- Mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na mpira wa kubania, kwa ajili ya kufunika kijiti cha kuendeshea mvua inaponyesha.
- Taulo mbili ndogo na koti la mvua fupi lisilofika kwenye magurudumu.
- Spana zinazolingana na bolti za kiti, kamba chache za plastiki za kubania, utepe imara wa kunata, na pampu ikiwa matairi ni ya upepo.
- Taa ndogo na vipande vya kuakisi mwanga.
- Kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Utaiandika katika hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Pima umbali halisi wa kiti chako

Fanya kazi hii wiki mbili kabla ya safari. Umbali ulioandikwa kwenye tangazo hupimwa katika mazingira ambayo hutayakuta bustanini: sakafu tambarare, mwendo usiobadilika, betri mpya, na mtu asiye mzito. Bustanini utasimama na kuondoka mara mamia, utapanda madaraja, na utapita kwenye sakafu za mawe. Kila mara unapoondoka kutoka kusimama, mota huvuta umeme mwingi kuliko inapokwenda tu.

Anza kwa hesabu ndogo. Tafuta kwenye kibandiko cha betri namba mbili, yaani volti (V) na saa-ampea (Ah), kisha uzizidishe. Betri ya volti 24 na saa-ampea 10 ina saa-wati 240. Ukigawa saa-ampea kwa ampea za chaja unapata muda wa kuchaji: betri hiyo kwenye chaja ya ampea 2 itahitaji saa tano na kidogo zaidi, kwa kuwa chaja hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa. Namba ya saa-wati iandike mahali utakapoiona, maana ndiyo utakayoulizwa ukisafiri kwa ndege. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaweka kikomo cha saa-wati 300 kwa betri moja ya lithiamu inayochomolewa kwenye kiti cha namna hii, au saa-wati 160 kwa kila moja ikiwa kiti kinatumia mbili. Betri iliyochomolewa husafiri nawe ndani ya ndege, ncha zake za umeme zikiwa zimefunikwa, wala haiingii kwenye mizigo ya chini. Ijulishe kampuni ya ndege mapema, kwa sababu idhini yao inahitajika.

Baada ya hesabu, fanya jaribio lenyewe. Chaji betri hadi ijae, pakia mzigo uleule utakaoubeba siku ya safari, kisha endesha nje kwenye barabara yenye vilima vidogo huku simu ikipima umbali, hadi kipimo cha betri kionyeshe nusu. Rudi nyumbani. Usiendeshe hadi kiti kizimike.

Sasa chukua umbali huo na uongeze nusu yake tu. Ikiwa ulifika kilomita 6 kipimo kilipoonyesha nusu, panga siku ya kilomita 9, si 12. Hii ni kanuni yangu mwenyewe, nayo ina sababu: vipimo vingi vya viti hivi husoma volti, na volti ya betri ya lithiamu hushuka polepole mwanzoni kisha hudondoka ghafla mwishoni. Alama za mwisho kwenye kipimo huisha upesi kuliko za kwanza.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa namba moja: "Kiti changu, pamoja nami na mzigo wangu, kinakwenda kilomita kadhaa bila wasiwasi." Siku ya bustani kubwa inaweza kumfanya mtu azunguke kilomita 10 au zaidi, na kama namba yako iko chini ya hapo, betri ya pili inakuwa ya lazima.

## Hatua ya 2: Gawa michezo katika makundi matatu

Bustani kubwa karibu zote hutoa mwongozo maalumu kwa wageni wenye ulemavu, tofauti na ramani ya kawaida. Usome wote kabla ya kununua tiketi, kalamu ikiwa mkononi, na kila mchezo unaoutaka uupe alama.

Kundi la kwanza ni michezo ambayo unapanda ukiwa umekaa kwenye kiti chako: boti fulani zenye jukwaa, baadhi ya treni, na kumbi za maonyesho. Kundi la pili ni ile inayokutaka uhame kutoka kwenye kiti chako kwenda kwenye kiti cha chombo. Kundi la tatu ni ile inayomtaka mpandaji aweze kutembea hatua kadhaa, kupanda ngazi, au kushika chuma kwa nguvu na kuushikilia mwili wake wima.

Angalia kwa makini maneno yanayotumika. Miongozo mingi hutofautisha kiti cha kusukumwa, kiti cha umeme na skuta ya umeme (chombo kidogo cha kukalia chenye usukani wa mikono miwili), na mchezo unaokubali kimoja unaweza kukikataa kingine. Kwenye Kilimanjaro Safaris, ndani ya Disney's Animal Kingdom kule Florida, mwenye kiti cha magurudumu anaweza kupanda gari la kutazama wanyama akiwa kwenye kiti chake, ilhali mwenye skuta hutakiwa kuhamia kwanza kwenye kiti cha magurudumu. Ukisoma haraka haraka ukaona picha tu ya gurudumu, utadhani wote mnaruhusiwa sawa.

Kuna swali moja ambalo watu husahau kuliuliza: chombo kikikwama katikati ya safari, nitashukaje? Masharti mengi yanayoonekana ya ukaidi yanatokana na swali hilo. Kupanda chombo kunaweza kuwa rahisi, lakini njia ya dharura ikiwa ni ngazi nyembamba ya chuma juu hewani, mhudumu hana budi kukukatalia, na kubishana naye hakutaijenga ngazi upya.

Tena, usidhani kwamba kiti ni ruhusa ya kuruka foleni. Bustani nyingi za kisasa zimejenga foleni zinazopitika kwa magurudumu, hivyo utasubiri kama wengine. Mahali ambapo foleni haipitiki, utaratibu wa kawaida ni kupewa muda wa kurudi, na muda huo huombwa mlangoni pa mchezo au kwenye ofisi ya huduma kwa wageni.

Mwisho wa hatua hii uwe na karatasi moja yenye orodha ya makundi matatu, na angalau mchezo mmoja wa akiba kwa kila unaoutaka sana. Mwenye maradhi ya mgongo, shingo, moyo au kifafa ampe daktari karatasi hiyo aisome.

## Hatua ya 3: Fanya mazoezi nyumbani, kisha andika kadi

Foleni za bustani hupinda na kurudi mara nyingi. Panga viti vya nyumbani ili viache njia ya upana wa sentimita 90, uweke kona ya kurudi nyuma mwishoni, kisha upite bila kugusa. Mzunguko kamili wa kiti huhitaji nafasi ya karibu sentimita 150. Ukiikosa, jifunze kugeuka kwa vipande, mbele kidogo na nyuma kidogo. Zoeza pia kurudi kinyumenyume umbali wa mita kumi, maana foleni ikikataa utarudi hivyohivyo.

Zoezi la pili ni kuhama. Viti vya vyombo vya michezo mara nyingi viko chini kuliko kitanda au kochi, na baadhi vina ukingo wa kuvuka. Zoeza kwa kutumia stuli fupi au godoro lililokunjwa, pamoja na mtu yuleyule atakayekusaidia siku ya safari.

Mpangilio ni huu, nao usibadilishwe: sogeza kiti karibu, zima umeme, inua vikanyagio, ndipo uhame. Umeme ukiachwa umewashwa, kiwiko au mkoba utagusa kijiti na kiti kitaondoka ukiwa nusu uko juu yake. Ukikanyaga vikanyagio unaposimama, kiti chepesi kitabinukia mbele, kwa kuwa hakina uzito wa kukizuia.

Halafu andika kadi kwa herufi kubwa, maneno machache:

"ZIMA KWANZA. Usinyanyue kwa mikono ya kiti. Shika fremu chini ya kalio. Kukisukuma: vuta vishikio viwili vya gia huru kwenye mota, vyote viwili. Kwenye gia huru HAKINA BREKI. Kirudishe kwenye gia kabla sijakalia."

Ikiwa unakwenda nchi yenye lugha nyingine, iandike kwa lugha hiyo. Wahudumu wana nia njema, lakini wengi wamezoea viti vya kusukumwa, na jambo la kwanza wanalofanya ni kushika sehemu iliyo karibu nao na kuvuta. Kwenye kiti kinachokunjwa, sehemu hiyo aghalabu ni mkono wa kiti, ambao hung'oka.

## Hatua ya 4: Usiku wa kuamkia safari

Acha betri ipoe kabla ya kuichaji, na uichajie mahali pakavu, juu ya sakafu ngumu, mbali na matandiko. Ichaji jioni ukiwa macho badala ya kuiacha usiku kucha karibu na mlango mnaoutegemea kutokea. Ikijaa, chomoa.

Kisha kagua kiti. Komeo la kukunjia likae mahali pake, matairi yawe na upepo, bolti za mikono na za kijiti zikazwe, na magurudumu madogo ya nyuma ya kuzuia kubinuka yawe yameshushwa. Baadhi ya watu huyapandisha ili kiti kiingie kwenye buti, kisha husahau.

Jaribio la breki halitaki dakika mbili. Nenda kwenye mteremko mdogo, endesha polepole, uachie kijiti. Kiti kisimame, usikie mlio mkavu wa "tak" kutoka kwenye mota, na baada ya hapo kisisogee hata kidogo. Huo mlio ni breki ya sumaku inayouma. Ikiwa kiti kinateleza taratibu baada ya kuachia, usikipeleke popote hadi fundi akione.

## Hatua ya 5: Kupakia mzigo na kuingia

Kunjua kiti kando ya gari, si kwenye njia ya magari. Sukuma kalio la kiti kwa mikono miwili hadi usikie komeo likijifunga, kisha ujaribu kukikunja tena bila kulifungua. Kikikataa kukunjika, kiko tayari kukaliwa.

Mzigo wote uende chini ya kiti. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mwaka mmoja niliutundika mkoba wa chakula na chupa nne za maji nyuma ya kiegemeo, nikiamini ningekuwa mwangalifu. Nikiwa nimekaa, uzito wangu uliusawazisha. Nilipohamia kwenye benchi, kiti kilisimama kwa magurudumu ya nyuma kama farasi aliyeshtuka, kikaanguka chali, na kisanduku cha kijiti kikapasuka kwenye ukingo wa zege. Siku yangu iliisha saa nne asubuhi. Hatari hiyohiyo humkuta aliyekaa anapopanda mteremko, ila yeye huanguka pamoja na kiti.

Ukishapita lango, nenda kwanza kwenye ofisi ya huduma kwa wageni hata kama watoto wanavuta upande mwingine. Uliza michezo gani imefungwa leo, lifti gani haifanyi kazi, wapi pana choo chenye nafasi ya kugeuza kiti, na wapi unaruhusiwa kuchaji. Usichomeke chaja kwenye soketi yoyote unayoiona ukutani. Nyaya zilizolala njiani huwaangusha watu, na soketi nyingine huzimwa bila taarifa.

## Hatua ya 6: Kuendesha ndani ya bustani

Hapa ndipo siku inapoharibika au kunusurika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kasi. Viti vingi vya aina hii hufika kilomita 6 kwa saa, nayo ni kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Katikati ya umati weka kasi ya kwanza au ya pili. Mtoto mdogo hukimbia bila kutazama, na macho yake yako juu kwenye rangi na taa. Kichwa chake kiko usawa wa kifua chako. Acha nafasi ya urefu wa kiti kizima mbele yako. Msindikizaji atembee mbele kidogo upande mmoja, maana watu humpisha mtu aliyesimama kuliko wanavyompisha aliyekaa.

Reli na mifereji. Magurudumu madogo ya mbele huzunguka kwa uhuru, na hilo ndilo tatizo lake. Ukikaribia reli kwa mshazari, gurudumu hugeuka, hulala sambamba na ufa, kisha huzama ndani yake. Kiti husimama ghafla na mwili huendelea mbele. Barabara kuu ya kuingilia Magic Kingdom, bustani iliyofunguliwa Florida mwaka 1971, ina reli za tramu inayokokotwa na farasi, na bustani nyingine nyingi zina reli za treni ndogo au mifereji yenye vyuma. Simama kabla ya kufika, nyoosha kiti hadi kitazame reli kwa pembe ya mraba, kisha uvuke kwa kasi ndogo isiyokatika. Mkanda wa kiunoni uwe umefungwa.

Miteremko. Njia ya mteremko iliyojengwa kwa vipimo vinavyokubalika sana hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, yaani karibu nyuzi 5. Viti vyepesi vingi huimudu. Madaraja ya mapambo na njia za zamani zinaweza kuwa kali zaidi, na hapo ndipo kitabu cha maelekezo kinahitajika. Panda ukiwa umenyooka, inamia mbele, usisimame katikati, wala usigeuke kwa mshazari. Unaposhuka, punguza kasi kabla mteremko haujaanza, uegemee nyuma, na usiwahi kuweka gia huru ili "kuokoa betri". Nimewahi kuliona wazo hilo likitolewa kama mbinu ya ujanja. Gia huru inaondoa breki, na kiti chenye mtu juu yake kikianza kushuka, mikono ya msindikizaji haitoshi kukizuia.

Meza. Unaposogea kwenye meza ya kulia, kijiti kinaweza kubanwa na ukingo wa meza, na kiti kikaendelea kusukuma mbele huku tumbo lako likiwa ndilo breki. Zima umeme kila unapofika mezani. Zima pia unapopiga picha na mtu anayekuinamia, maana mkono wake utatafuta mahali pa kushika.

Utajua unaendesha vizuri ikiwa saa mbili zimepita na hujapiga honi, hujagusa kisigino cha mtu, na kipimo cha betri hakijashuka chini ya ulichotarajia kwa umbali huo.

## Hatua ya 7: Mlangoni pa mchezo

Ongea na mhudumu kabla ya kuingia kwenye foleni, hata kama umesoma mwongozo. Mwambie kwa sentensi moja unachoweza: "Ninahama mwenyewe, lakini siwezi kupanda ngazi," au "Nahitaji kubaki kwenye kiti." Sentensi hiyo inamsaidia kuliko jina la ugonjwa wako. Uliza pia kama jukwaa linasogea. Kwenye michezo yenye jukwaa linalozunguka, mara nyingi jukwaa hilo linaweza kupunguzwa kasi au kusimamishwa ukiomba mapema.

Ukifika mbele, fuata mpangilio wa hatua ya 3. Kabla hujaachana na kiti, mpe mhudumu kadi yako na uulize swali hili: "Nitashukia hapahapa?" Vyombo vingi hushushia upande mwingine, na kiti kikibaki kulikoanzia utajikuta umekaa kwenye benchi ukitazama ukuta. Ikiwa kiti chako kina ufunguo, au kijiti kinachochomolewa kwa urahisi, ondoka nacho mfukoni.

Ukirudi na kukuta kiti kimewashwa lakini kinalia tu bila kwenda, usiite fundi bado. Mara nyingi vishikio vya gia huru, au kimoja kati ya viwili, vimeachwa wazi na aliyekisukuma. Zima, rudisha vyote viwili, washa tena.

## Hatua ya 8: Mapumziko ya mchana

Mwili una betri yake. Anayekaa bila kuhisi vizuri sehemu za chini aondoe uzito kwenye makalio kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa kuinamia mbele, kuegemea upande, au kujiinua kwa mikono. Foleni ndefu husahaulisha jambo hili, basi weka kengele ya simu inayotetemeka.

Badilisha betri wakati huu, kivulini, umeme ukiwa umezimwa, hata kama ya kwanza bado ina kiasi. Nia ni kuanza mchana ukiwa na betri iliyojaa na akiba mfukoni. Betri iliyochomolewa usiiache juani wala kwenye gari lililofungwa.

Mvua ikianza, funika kisanduku cha kijiti kwa mfuko wa plastiki na mpira, mkono ukiwa ndani ya mfuko. Sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwa michezo ya maji, omba kiti kiwekwe mbali na michirizi, na ukaushe nguo kwa taulo kabla ya kukalia tena, kwa sababu mto uliolowa hukwangua ngozi siku nzima iliyobaki.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Weka mpaka tangu asubuhi: betri ya mwisho ikifika nusu, uelekeo wa safari ni langoni. Michezo iliyobaki iwe ile iliyo njiani kuelekea huko. Jua likizama washa taa, na vipande vya kuakisi mwanga viwe nyuma na kwenye vikanyagio, kwa kuwa gizani watu hukiona kichwa chako lakini hawaioni miguu.

Fataki zikiisha, umati wote huelekea njia moja kwa wakati mmoja. Ondoka dakika ishirini kabla, au kaa dakika arobaini baadaye. Katikati ya hapo ni mahali pabaya kwa kiti chenye magurudumu madogo.

Kiti kikizimika licha ya yote, tafuta sehemu tambarare, zima swichi, mtu mmoja akishike, ndipo mweke gia huru vishikio vyote viwili na kusukuma. Kwenye mteremko wowote, hata mdogo, msishuke hivyo. Ombeni kiti cha kusukumwa kutoka kwenye ofisi ya wageni, nacho cha umeme kikunjwe na kubebwa.

## Hatua ya 10: Usiku huohuo

Futa vumbi na maji, pindua kiti, na uondoe nywele na nyuzi zilizojizungusha kwenye ekseli za magurudumu ya mbele. Baada ya siku moja ya bustani utashangazwa na kiasi chake. Acha betri ipoe nusu saa, ndipo uchaji. Kisha andika kilomita ulizokwenda na alama ya betri uliyorudi nayo, pembeni mwa ile namba ya hatua ya 1, kwa ajili ya safari ijayo.